Ngozi, plastiki na hofu iliyokosea njia

Daktari wa ngozi akisema kwamba chembe ndogo za plastiki si chanzo kikuu cha mzio, huambiwa papo hapo kuwa anawatetea wenye viwanda. Shutuma hiyo haimstahili, ijapokuwa wanaoitoa wana sababu ya kuogopa: mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walizikuta chembe hizo katika damu ya watu 17 kati ya 22 waliopimwa. Hata hivyo, kukutwa mwilini si kuthibitika kuwa zimedhuru, na ngozi isiyo na jeraha wala ukurutu huzizuia nyingi zisipenye.

Anachokishuku daktari ni kemikali zinazolainisha plastiki na moshi wake inapochomwa. Nchini Uswidi, utafiti wa mwaka 2004 uliwalinganisha watoto 198 wenye pumu au mzio na wenzao 202 wasio na maradhi hayo, ukaona kwamba aina moja ya thaleti, yaani kemikali ya kulainisha plastiki, katika vumbi la chumba cha kulala iliandamana na ukurutu. Huo ni uhusiano tu, lakini unaonyesha pa kuanzia.

Hapa kwetu mfano unaorudiwa ni jaa la Dandora, Nairobi. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007 ilieleza kuwa kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na madini ya risasi kupita kiwango katika damu, na magonjwa ya ngozi yalikuwamo miongoni mwa maradhi ya eneo hilo. Takwimu hiyo hunukuliwa kana kwamba plastiki pekee ndiyo mshtakiwa. Risasi hutoka pia kwenye betri na rangi, fangasi wa ngozi hustawi penye unyevu na uchache wa maji safi, na katika lundo ambamo vyote vimechanganyika na kuungua pamoja, anayedai kuujua mkosaji mmoja anadai mengi mno.

Marufuku ya Kenya ya Agosti 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4, ililenga mifuko, na kwa mitaro na mifugo ilikuwa na manufaa. Lakini mifuko hiyo ni ya polithini, isiyo na klorini. Plastiki ya PVC, yenye klorini na iliyofunika nyaya zinazochomwa ili kupata shaba, ndiyo inayotoa gesi ya asidi inayowasha macho na ngozi, pamoja na dioksini, kemikali zenye sumu kali. Anayezichoma nyaya hizo hakuguswa na marufuku ya mifuko, wala hofu ya chembe haimfikii.