Kantangaze kwenye picha ya simu: je, inatosha?

Nondo ambaye wakulima wa nyanya Tanzania wamempa jina la kantangaze ana urefu wa milimita 5 hadi 7 tu, karibu sawa na punje ya mchele. Ni wa kijivu, ana vidoa vyeusi. Mkulima humpiga picha kwa simu, huituma kwenye kundi la WhatsApp, na muda si mrefu anajibiwa: "Ni kantangaze huyo, piga dawa." Je, jibu hilo lina msingi?

Wanaotetea picha wana hoja nzito. Mdudu huyu, mzaliwa wa Amerika Kusini, alionekana Hispania mwaka 2006, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia Kenya na Tanzania. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 260. Kwa kasi hiyo, mkulima aliye mbali na bwana shamba akingoja majibu ya maabara, atayapokea shamba likiwa limekwisha. Picha haina gharama, na hubaki na tarehe yake.

Wataalamu wa wadudu wanaosema picha haitoshi nao hawasemi ovyo. Vinondo vya jamii hii vinafanana mno. Nondo wa viazi ni ndugu yake wa karibu hivi kwamba mwaka 2021 kantangaze, aliyejulikana kisayansi kama Tuta absoluta, alihamishiwa kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya huyo wa viazi, akawa Phthorimaea absoluta. Ili kuwa na uhakika, mtaalamu hulilainisha tumbo la dume kwa kemikali, akalipasua, kisha akachunguza viungo vya uzazi kwa hadubini. Hakuna simu inayoonyesha hayo. Isitoshe, madoa ya mabawa ni magamba madogo yanayopukutika kama unga, kwa hiyo nondo aliyenasa kwenye gundi ya mtego mara nyingi ameshapoteza alama zake.

Mimi naona tunapiga picha ya kitu kisicho sahihi. Geuzeni kamera kwenye jani! Kiwavi wa kantangaze hula nyama ya jani katikati ya ngozi zake mbili, akaacha baka pana linalopitisha mwanga, lenye kinyesi cheusi ndani. Inzi mchimba majani, tofauti na kantangaze, huacha vijia vyembamba vilivyojipinda kama uzi. Kiwavi wa kantangaze mwenyewe ana mstari mwembamba mweusi nyuma ya kichwa. Jani, kiwavi na tundu kwenye tunda, vikipigwa picha pamoja na rula, vinaeleza mengi kuliko nondo peke yake.

Katika eneo ambalo kantangaze ameshazoeleka, picha za namna hiyo zinatosha kumfanya mkulima achukue hatua. Lakini uchaguzi wa dawa usiharakishwe, maana mdudu huyu amejenga usugu kwa dawa nyingi, na kupulizia ovyo huua hata wadudu wanaomla.

Hali ni nyingine kabisa pale inapodaiwa kwamba ameonekana kwa mara ya kwanza katika nchi. Tangazo hilo linaweza kuwafungia wakulima soko la nje. Hapo sikubali picha peke yake, hata iwe safi namna gani. Nondo wenyewe wahifadhiwe kwenye spiriti, chupa iandikwe mahali na tarehe, ipelekwe maabara, na tangazo lisubiri majibu.