Eti Kwenu Hasa Ni Wapi?

Katika Dar es Salaam hii unaweza kukaa mpaka mvi zikutoke, lakini ukigusana bega na mtu kwenye foleni ya maji lazima akuulize, "Ndugu yangu, kwenu wapi?" Ukimjibu Mbagala, anacheka. "Najua, najua. Nauliza kwenu hasa."

Hilo "hasa" ndilo litakaloniua. Nimezaliwa Temeke, nimekulia Mbagala. Makonda wa Rangi Tatu hawaniulizi ninashukia wapi, wananigongea tu bati tukifika. Bado haitoshi. Watu wa jiji hili wanaamini hakuna binadamu anayetoka hapahapa alipo. Lazima awe na mlima wake huko mbali, na migomba, na babu aliyezikwa chini ya mti unaojulikana. Mchaga ana bahati. Desemba anafunga duka, anakwenda stendi ya Magufuli pale Mbezi, anapigwa nauli ya sikukuu bila kunung'unika, na Januari anarudi na mkungu wa ndizi. Huyo nani atamuuliza kwao wapi? Mimi Desemba nipo Mbagala nalinda mageti ya waliokwenda kwao.

Nikiona mahojiano yanarefuka nasema tu, "Songea. Mimi Mngoni." Hapo mwenzangu anapata amani, kama kwamba alikuwa na homa ikashuka. Kidogo tu, anarudi: "Songea sehemu gani?" Peramiho. "Peramiho kijiji gani?" Jamani! Huyu kaja kuchota maji au katumwa na Uhamiaji?

Na kama ni kufuatana na hilo "hasa", tufuatane mpaka mwisho. Wangoni wenyewe hawakuota Songea kama uyoga. Walitoka Afrika Kusini na kiongozi wao Zwangendaba wakimkimbia Shaka, mfalme wa Wazulu, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakakwea mpaka Ufipa. Mzee akafia huko, warithi wakagombana, ndipo wengine wakateremka upande wa Songea. Kwa hiyo kwetu hasa ni Natal, na kwa nauli ya huko napokea michango kuanzia sasa. Tena njiani walizoa kila waliyemkuta: Wakalanga, Watsonga, Wasenga, wote wakaingizwa jeshini wakawa Wangoni. Enzi hizo mambo yalikuwa mepesi sana. Unatekwa, unapewa ngao, kwisha, hakuna wa kukuuliza babu mzaa baba alizaliwa kata gani. Leo mimi niliyezaliwa na baba Mngoni, bila kutekwa na mtu, nasumbuliwa!

Halafu kuna mzee mmoja mtaani, Mzaramo, anatuita sisi sote watu wa kuja. Namheshimu, shikamoo simnyimi. Lakini Wazaramo nao masimulizi yao yanasema mkuu wao Pazi aliteremka kutoka bara. Na jiji lenyewe hapa palikuwa Mzizima, kijiji tu, mpaka Sultani Majid alipovuka kutoka Zanzibar miaka ya 1860 akaanza kujenga. Ukichunguza sana Dar, wenyeji ni mbu.

Basi nenda huko Songea sasa, si ndiko kwenu? Nilikwenda kumzika bibi. Nikapokewa kwa vigelegele: "Mgeni wetu kutoka Dar!" Nikapewa kiti chenye mgongo, cha pekee pale uani, wenzangu wote wamekaa mkekani wanacheka kwa Kingoni, na kila wakicheka wananitazama. Shangazi akajitolea kunitafsiria. Mjomba mmoja akaongea, akanyanyuka, akaigiza mtu anatembea, akakaa, watu wakafutana machozi. Nikamgeukia shangazi. Akasema, "Anasema umenenepa."

Ugeni wangu uliisha jioni ilipofika hesabu. Baba mdogo akanishika mkono: "Mwanangu, hapa ni kwenu, na nyumba ya babu yako inavuja." Kwenye bati mimi ni mwenyeji halisi! Sasa nimeingizwa kwenye kundi la wasapu la ukoo. Harusi, ahadi yangu inasomwa ya kwanza. Mtoto wa binamu kapata kipaimara, naambiwa nisiwaangushe. Siku nilipouliza shamba la babu liligawanywa vipi, watu wote wa kundi lile, wanaokesha wakitumiana picha za maua na "asubuhi njema", walikwenda kulala saa moja jioni.

Mtu pekee ambaye hajawahi kudai ushahidi kwangu ni jirani yangu Mhehe, fundi friji. Alipojua mimi Mngoni hakuuliza kijiji. Alisema, "Ahaa, kumbe wewe ndiye mtumwa wetu uliyetukimbia," akachukua kikombe changu cha kahawa akanywa. Babu zetu walipigana kweli enzi za watawala wa Wahehe, Munyigumba na mwanawe Mkwawa, wakamalizia kuwa watani. Nami, kwa kuwa Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa, nikamwuliza kama yule mbwa wa jirani aliyepotea alikuwa mtamu.

Baba alipofariki, wazee walikuja kutoka Songea wamenuna: mwili usafirishwe, mtoto huyu wa mjini hajui mila. Mara fundi friji, kama ilivyo kazi ya mtani msibani, akatokea amevaa koti na kofia ya marehemu, anachechemea vilevile, anakohoa vilevile, anamwuliza mama chakula kiko wapi. Mama akacheka na huku analia. Nikamtukana, nikamtupia noti, akaitazama, akasema marehemu hakuwa bahili hivi. Nikaongeza. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kwa Kiswahili, ili nisikie, "Huyu ni wetu." Baba tukamzika Mbagala, na wao wakarudi kwa basi la kawaida.

Sasa kila tukikutana kwa muuza kahawa, fundi anataka kujua mimi nitazikwa wapi, Mbagala au Songea, maana lazima alale yeye kwanza kaburini na hatoki mpaka alipwe. Songea ni karibu kilomita elfu moja, atadai na posho ya safari. Nikamwambia angoje nife. Akasema nikishakufa atamdai nani, anataka kianzio. Nikampa elfu mbili yaishe. Akaikunja, akaitia mfukoni, akauliza, "Na ya kahawa?"