Nani Alizipa Nyaya Nambari?

Mimi ni karani wa stoo huko Industrial Area. Kazi yangu kutwa ni kuhesabu, na kwa akili yangu ya stoo 26 ni zaidi ya 20. Hata mtoto wa chekechea hapa Umoja anajua hivyo. Sasa ingia kwenye kazi ya mapambo ya waya na shanga uone maajabu. Waya wa geji 20, yaani nambari ya unene wake, una unene wa milimita 0.8. Wa geji 26 una milimita 0.4. Yaani nambari imepanda, waya umekonda! Nilipouliza, mama anayetufundisha akanieleza kwa upole kwamba waya huvutwa kupitia tundu, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi, na kadiri unavyovutwa mara nyingi ndivyo nambari inavyopanda. Haya, nikameza. Tukaja kwenye shanga. Za saizi 11/0 ni milimita mbili hivi. Za 8/0 ni kama tatu. Za 6/0, eti ndizo kubwa, kama nne. Jameni! Ningeandika stoo hivi, ningefukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Aliyenisajili kwenye darasa hili la mapambo ni mama watoto. Alisema jioni zangu zinaishia kwenye rimoti, na kwamba wenzangu wanatafuta ya pembeni. Basi nikajikuta kwenye ukumbi wa kanisa, mwanamume peke yangu, naitwa "baba" na watu walionizidi umri.

Siku ya kwanza tulifundishwa kitanzi cha hereni. Kwa macho ni kitu rahisi. Unapitisha waya ndani ya shanga, unaacha kama sentimita moja juu, unaukunja ulale upande, unashika ncha kwa koleo la mdomo wa mviringo, unazungusha kiganja. Mkononi mwa mwalimu kinatoka kiduara kilichokaa katikati ya shanga kabisa. Mkononi mwangu linatoka sikio la mbuzi. Unafungua, unakunja upya. Unafungua tena. Waya unaanza kukakamaa, halafu tak! umekatika, na shanga imeruka kwenda kwa mama wa mbele. Kumbe shaba ina kiburi: ukizidi kuikunja inazidi kuwa ngumu, mpaka inavunjika. Dawa yake ni kuichoma mpaka iive nyekundu, ndipo inalainika tena. Kwa hivyo jioni nikapanga waya juu ya makaa ya jiko. Mama watoto akasimama mlangoni akauliza kama hiyo ndiyo mboga ya leo.

Na hiyo shaba kuifikisha nyumbani ni kesi nyingine. Jaribu kupanda matatu Nairobi hii umepakata roli ya waya wa shaba. Mwaka 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wanaohujumu mitambo ya umeme, na Wakenya hawajasahau. Makanga alinitazama, akatazama roli, akatangazia gari zima: "Mzee, stima ikipotea leo tunajua pa kuanzia." Abiria wakacheka. Mimi nikaifunika kwa koti, jambo ambalo, nikiri, lilizidi kunifanya nionekane mwizi.

Jirani yangu naye aliazima kikatio changu cha waya, dakika moja tu. Ni kile kidogo cha kukata waya mwororo ncha ibaki laini isimkwaruze mtu shingo. Kimerudi na mapengo mawili. Alikuwa anakata spoku ya baiskeli! Mwalimu anatukataza hata kukitumia kwa ule waya mgumu wa chuma wa bangili, ule unaojikunja wenyewe, sembuse spoku. Nilipolalamika akaniambia nisiwe mchoyo, ni chuma tu.

Shanga zikimwagika ndiyo nimechoka kabisa. Zile za 11/0 hazianguki, zinahama. Utazikuta kwenye kiatu, chini ya mtungi wa gesi, ndani ya soksi ya shule. Juzi mtoto ametoa moja kwenye ugali akaniwekea mezani: "Baba, kitu chako."

Basi ukienda Maasai Market kutazama wenzako, ndipo utavunjika moyo. Mama anapiga soga, anapokea simu, anabembeleza mzungu bei, na wakati wote huo vidole vinatunga bangili ya rangi za bendera bila kuitazama. Mimi nikiongea tu nimepoteza hesabu ya nyeusi na nyekundu.

Wateja? Ninao. Jamaa wa kazini alichukua bangili ya shaba kwa mkopo ampe mkewe. Kesho yake akaja na picha ya mkono wenye mviringo wa kijani, akidai nimemtilia mke wake sumu. Nikamweleza ni shaba imekutana na jasho, akioga litatoka, na bangili yenyewe aisugue kwa limau na chumvi itang'aa. Hataki. Anataka arudishiwe pesa. Pesa zipi? Hajalipa hata shilingi!

Sasa shemeji anaolewa. Ameagiza hereni za wasimamizi wote, za shanga za bluu, na ameshanishukuru mapema mbele ya ukoo mzima ili nisipate njia ya kutokea. Nikampigia nikamwambia, shem, tuma pesa ya vifaa kwanza. Akasema nisubiri, anatuma sasa hivi. Simu ikalia. Nikafungua haraka. Ametuma picha ya gauni, ati nione ni bluu ya aina gani.