Kusi Ilivyozamisha Riwaya Yangu

Sura ya kwanza niliiona tamu kama halwa. Majahazi ya Imamu wa Oman yang'oa nanga Maskati, Julai 1696, upepo mwanana tezini. Siku ya saba yafika Mombasa, mizinga yanguruma, na siku ya tatu ukuta wa Ngome ya Yesu ya Wareno chini! Nikaipeleka barazani Mji wa Kale niwasomee wazee.

Sikumaliza ukurasa. Nahodha mmoja mstaafu aliweka kikombe chini. "Julai, mwanangu? Na kusi umeiweka wapi?"

Akaagiza sinia la maji na feni. Kopo la halwa likawa Ngome, kiberiti kikawa Maskati, feni ikakaa nyuma ya Ngome, maana kusi ni upepo utokao huko chini, kusini, na huvuma toka Aprili hadi karibu Oktoba. Ukurasa wangu wa kwanza ukakunjwa ukawa jahazi.

"Haya, tweka tanga."

Jahazi halikubanduka Maskati. Nikalisukuma kwa kidole hadi katikati, feni ikalirudisha. Nikasema basi, nitabisha, niende mshazari dhidi ya upepo. Wazee wakaangua kicheko. Kubisha kwawezekana, wakasema, lakini kila ukigeuza upande, foromali, boriti ishikayo tanga, lazima ipitishwe mbele ya mlingoti, na tanga lake zima, baharia wote wakivuta. Kwa maili zaidi ya 2,000?

Waomani hawakuwa wajinga kama mimi. Walifika Machi 13, 1696, kaskazi, upepo utokao kaskazini, ikimalizikia. Na ukuta haukuanguka siku ya tatu: mzingiro ulikwisha Desemba 1698, miezi 33 baadaye, na ndani ya Ngome maradhi yaliua kuliko mizinga. Hata manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa wenzao mwaka 1697, ilizama papo hapo chini ya Ngome.

Haya zikanishika. Nikainua sinia upande wa Maskati, kidogo tu, jahazi liteleze.

Likateleza, na maji yote nyuma yake. Yalilibeba kopo la halwa, yakaingia kwenye kikoi cha nahodha, yakamalizia kurasa zangu 40 nilizozitandaza mkekani. Jahazi lilitua ndani ya kikombe chake cha kahawa.

Mzee akainuka, kikoi kikichuruzika, akaliopoa kwa vidole viwili.

"Sasa umefika," akasema. "Ila si kwa kusi. Kwa maji makuu ya bamvua."