Ziba Matundu Kabla ya Kubandika Vigae

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Nakuru, watu huchagua vigae nusu siku nzima, wakibishana juu ya rangi na ukubwa. Tundu ambalo bomba la shawa litatokea ukutani halimshughulishi mtu. Kwangu mimi, hapo ndipo bafu linapoharibikia, na huniuma kuona nyumba nzuri Kiamunyi au Milimani rangi ikibambuka chumbani, upande wa pili wa ukuta wa bafu lililokarabatiwa juzi tu.

Vigae havizuii maji. Grauti ya saruji, ile inayojazwa kati ya kigae na kigae, huyanyonya polepole, na penye bomba, ambapo fundi amekata kigae kwa grenda na kuacha mwanya, yanaingia bila taabu. Kile kisahani cha chuma kinachofunika mwanya ni pambo. Kinga yenyewe ni dawa ya kuzuia maji inayopakwa ukutani kabla ya vigae, mara mbili, ya kwanza ikauke ndipo ipakwe ya pili. Shingo ya bomba ivishwe kola ya mpira, ishikamane na dawa hiyo. Kabla ya yote, bomba lifungwe imara ndani ya ukuta, maana likichezacheza kila mfereji unapofunguliwa, dawa itaachana nalo.

Silikoni ya nje, ile gundi laini ya kuzibia kingo, nayo ina namna yake. Ipakwe juu na pembeni mwa kisahani, chini paachwe wazi. Mafundi wengi huizungusha kote wakiamini wameongeza usalama, kumbe maji yakipenya hayana pa kutokea wala hutayaona.

Linalonitia hofu zaidi ni tundu la waya wa shawa ya umeme, ambayo imejaa majumbani mwetu. Maji na umeme vikikutana ukutani, mtu anaweza kufa akioga. Lizibwe kwa uangalifu uleule, na waya wa kupeleka umeme ardhini usirukwe kwa kisingizio cha gharama.

Mabomba ya ukutani yajaribiwe kwa presha kabla ya plasta. Sakafu ikishapakwa dawa na kukauka, ziba shimo la maji machafu, jaza maji kidogo, tia alama ya penseli yalipofikia, uache saa 24 uone kama yameshuka. Fundi akisema unamchelewesha, mwambie malipo ya mwisho yatatoka baada ya kuiangalia alama hiyo pamoja.