Shuka Ni Malipo Mbali

Tangu Ijumaa iliyopita mke wangu hanijibu ila kwa "ndiyo" na "la", na chanzo cha yote ni meli ambayo mimi na yeye hatujawahi kuiona, katika bahari ambayo hatujawahi kuitia mguu, kwa safari ambayo nauli yake hatuna, pasipoti yake hatujaiomba, na viza yake, kwa jinsi ninavyowajua watu wa viza, hatutaipata. Majirani wa Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, wanaopita mbele ya daka letu, yaani kibaraza cha mlangoni, wanadhani tumegombania shamba au mirathi. Kumbe tumegombania chumba chenye dirisha.

Mzizi wa fitina ni mkwe wangu, kijana mwema asiye na neno na mtu, ambaye kwa miaka miwili sasa anafua shuka katika meli kubwa ya utalii. Kila akipata nafasi hututumia ujumbe wa sauti, na mke wangu huufungulia katikati ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, sauti ikiwa juu kabisa, ili hata aliyeko uchochoroni asije akakosa habari. Kijana anasema kwamba humo melini chakula hakikatiki tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Kwamba mhudumu huingia chumbani mara mbili kwa siku, akatandika kitanda na kuikunja taulo mpaka ikawa tembo au swani. Na kwamba zipo jioni maalumu ambapo wanaume huvaa suti nyeusi na tai, wanawake huvaa nguo za kuburura, na wachache wenye bahati hualikwa kula meza moja na nahodha. Nilipomwona mke wangu amenyamaza kimya baada ya neno "nahodha", nilijua kwamba pensheni yangu imo hatarini.

Sikuingia vitani mikono mitupu. Nina mpwa wangu aliyeko Uingereza, naye alikwisha kunisimulia habari ya meli ya namna nyingine. Mwaka 2005, yule Stelios Haji-Ioannou, aliyekwisha kuanzisha ndege za bei nafuu za easyJet, alichukua meli ndogo, akaipaka rangi ya machungwa, akaiita easyCruiseOne, akaianzisha katika pwani ya kusini ya Ufaransa na ya Italia, kule kwenye matajiri wa Monaco na Saint-Tropez. Sharti lake lilikuwa moja: unalipa kitanda tu. Chakula ni malipo mbali. Kusafishiwa chumba na kubadilishiwa shuka na taulo ni malipo mbali. Hakuna tai, hakuna ngoma za jukwaani, hakuna meza ya nahodha, na abiria aliweza kupandia mji huu na kushukia mji ule kama anayepanda matatu. Niliposikia hayo, moyo wangu ulitulia, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilimsikia tajiri mkubwa akifikiri kama mimi.

"Na dirisha?" akauliza mke wangu.

Hapo ndipo nilipokosea, maana nilisema kweli. Vyumba vingi vya meli ile havikuwa na dirisha.

Naomba nisikilizwe kwa makini katika jambo hili. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya mawe ya Lamu, ambayo kuta zake ni nene kama mkono wangu ulivyo mrefu. Unaingia kwa daka, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwandani kwenye mwanga, kisha unaiacha misana, zile kumbi ndefu, mmoja baada ya mwingine, na kila hatua kiza kinazidi, mpaka unafika ndani, chumba cha mwisho, chenye zidaka, yaani vishubaka, ukutani na ambacho jua halijapata kukiona tangu kijengwe. Ndani ndiko walikozaliwa wazee wetu, na ndiko walikokoshewa siku ya mwisho. Hakuna babu yangu aliyewahi kulalamika kwamba hakuiona bahari akiwa kitandani. Aliyetaka kuiona bahari alivaa viatu vyake akashuka forodhani. Leo mzungu anatengeneza chumba kilekile, anakitia ndani ya meli, nasi wenye asili nacho ndio tukitie kasoro? Tena mkwe wangu mwenyewe amekiri kwamba hata katika meli za fahari vipo vyumba vya katikati visivyo na dirisha, navyo ndivyo huuzwa kwa bei ya chini. Mke wangu akajibu kwamba yeye amelala ndani miaka thelathini na nne, akinisikiliza nikikoroma, na kwamba kama atavuka bahari ili aende akalale palepale, basi ni heri abaki, angalau hapa godoro analijua.

Nikahamia hoja ya pili, ambayo mpaka sasa naiona haina jibu. Meli za kawaida hutia nanga asubuhi, huwashusha watu kwa makundi, hulipisha mabasi ya kuwatembeza, na jioni kila mtu awe amerudi, kwa maana aliyechelewa huachwa gatini akiwa ameshika kofia yake. Ile ya rangi ya machungwa ilifanya kinyume: ilifika mchana, ikalala bandarini hadi usiku mwingi, ikasafiri watu walipokuwa usingizini. Ndiyo kusema abiria walikula mjini, wakazurura mjini, wakauona mji ukiwa mji. Ni nani mwenye akili atakayefika Lamu saa tatu asubuhi, jua likiwa kali na punda wakimsukuma ukutani, kisha aondoke alasiri kabla watu hawajatoka msikitini, kabla kahawa haijapitishwa, kabla upepo haujageuka? Huyo hakuiona Lamu. Ameona mizigo ikishushwa.

Kisha kuna bakshishi, na hili nalisema huku damu ikinichemka. Katika meli nyingi za kawaida, mbali na nauli, kila kichwa huandikiwa bakshishi ya kila usiku, ikaingizwa moja kwa moja katika hesabu yako, hata kama mhudumu mwenyewe hujamwona sura. Mimi nilifundishwa kwamba bakshishi hutoka mfukoni kwa mtu aliyeridhika. Ile inayokuja yenyewe, imeandikwa, ina tarehe, hiyo ni kodi. Na hiyo si mwisho. Soda ina bei yake. Intaneti ina bei yake, tena bei ya mwizi. Mpiga picha anakungojea ngazini unaposhuka, anakupiga ukiwa umekunja uso kwa jua, na jioni uso huo umetundikwa ukutani ukiuzwa. Kwa hiyo nilimwambia mke wangu kwamba tofauti ya meli hizi mbili si kwamba moja inatoza na nyingine haitozi, bali moja inakutoza ukiwa macho na nyingine inakutoza ukiwa umelewa biriani. Akasema afadhali kutozwa ukiwa umeshiba.

Yeye naye hakulala. Siku ya pili alikuja na Queen Mary 2, meli ya Cunard iliyoanza safari mwaka 2004, yenye urefu wa mita 345, ambayo huvuka kutoka Southampton hadi New York kwa usiku saba. Nikamwambia ikiletwa hapa kwetu, omo, yaani kichwa chake, likiwa mbele ya Langoni, tezi, kule nyuma, litakuwa limewazibia watu wa mtaa wa Mkomani mandhari yote. Hakucheka. Aliendelea kunieleza kwamba humo mna maktaba, mna jumba la kuangalizia nyota, na, mke wangu alisema haya bila ya kupepesa jicho, mna vyumba vya mbwa. Mbwa wa abiria wana mahali pao pa kulala na mtumishi wao maalumu. Sina ugomvi na wanyama, na punda wa Lamu wana zahanati yao ambayo foleni yake ni fupi kuliko ya wanadamu; lakini nikapige mahesabu ya maisha yangu yote ili nikalale mimi chumba cha chini kabisa, na huko juu mbwa wa mtu anatembezwa sitahani akivuta hewa safi?

Tungeendelea hivyo mpaka Ramadhani, lau si mke wangu kumpigia simu mpwa wangu mwenyewe, shahidi wangu, akamhoji kama hakimu. Alirudi barazani akiwa ametulia sana, jambo ambalo ni dalili mbaya. "Bwanangu," akasema, "hiyo kampuni ya meli yako iliuzwa mwaka 2009. Wagiriki waliinunua, na biashara ile imekwisha. Wewe unanigombeza mwezi mzima kwa ajili ya maiti." Nilijaribu kueleza kwamba hoja haifi kwa kufa chombo. Akaniuliza kama hoja hiyo ina shuka.

Tukiwa katika hali hiyo, ikaja harusi ya jamaa zake huko Siyu, kisiwani Pate, nami nikaona Mungu amenipa nafasi ya kuthibitisha. Nilikataa boti ya kasi yenye mito ya kukalia. Nilisema tutakwenda kwa mashua ya abiria, ili kila mtu ajionee kwamba mwanadamu anaweza kufika anakokwenda kwa kulipia nafasi tu, bila mbwembwe. Mke wangu hakupinga hata kidogo. Alifunga kapu lake, akachukua chupa ya chai, akavaa buibui lake, akatangulia gatini. Nilipaswa kushuku wakati ule.

Mashua ilikuwa imepakia saruji, mabati, magodoro mawili ya bi harusi, kreti za soda na mbuzi mmoja. Nahodha, kijana ambaye nilimjua tangu akicheza mchangani, alimkaribisha mke wangu kwa heshima zote, akamtandikia mkeka kule tezi, karibu na usukani, mahali penye kivuli. Mimi akaniangalia tumbo, akaniambia, "Ami, wewe keti chini pale ngamani, chombo kipate uzani." Baada ya kisiwa cha Manda bahari ikachafuka kidogo, maji yakaanza kuingia baina ya mbao, nikapewa kopo niyafue yatoke. Basi nilikaa nikiwaza jinsi dunia ilivyo: mkwe wangu anafua shuka katika bahari za watu na analipwa, mimi nafua maji katika bahari yangu na nimelipa.

Siyu haiingiliki kwa haraka. Sharti uupate mkondo wa mikokoni maji yakiwa yamejaa, na sisi tulikuwa tumechelewa kwa sababu ya mbuzi, aliyekataa kupanda. Tulipoingia baina ya mikoko, maji yalikuwa yanapwa. Baharia akapiga upondo, ule mti wa kusukumia chombo, akapiga tena, upondo ukazama topeni na chombo kikatulia kama kilichofika. Tulikuwa tumepwelewa. Nahodha akaangalia jua, akasema kwamba itakuwa saa nne, pengine tano, kisha akajinyoosha juu ya magodoro ya bi harusi akafunika uso kwa kofia. Jua likatusimamia vichwani. Mbu wa mikokoni wakaja bila kualikwa. Mbuzi akaanza kula kona ya begi langu, lile lililobeba suti niliyolazimishwa kuichukua.

Ndipo mke wangu alipofungua kapu. Harufu ya mahamri na mbaazi za nazi ikaenea mashuani mpaka baharia akaacha upondo. Akampelekea nahodha sahani, akampa baharia, akawapa kina mama waliokaa naye mkekani, akala na yeye kwa utulivu, huku akiutazama ule mkondo mkavu kama mtu aliyelipia dirisha. Nikangoja. Nikakohoa. Mwisho nikapanda juu ya mifuko ya saruji, nikanyosha mkono.

"Hamri ni shilingi hamsini," akasema. "Mbaazi ni malipo mbali."

Nilimtazama nahodha anitetee, lakini nahodha alikuwa na mdomo umejaa. Nikatoa noti ya mia, nikapokea hamri moja na mbaazi kijiko kimoja, na chenji sikurudishiwa. Aliniambia kwamba ile ni bakshishi, imeingia yenyewe. Nikameza donge hilo pamoja na hamri. Kisha, kwa sauti ya unyonge ambayo sikuijua kuwa ni yangu, nikauliza kama chai imo katika bei.

Akafungua chupa taratibu, akachungulia ndani. "Maji ya moto yamo," akasema. "Majani na sukari tutaandikiana."