Kufunga Mwamba wa Pweza: Kipi Kijaribiwe, Kipi Kisijaribiwe

Pweza wa miamba yetu huishi takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, hukua kwa kasi kubwa, na jike hutaga mara moja tu kisha hufa. Ndiyo maana kufunga sehemu ya mwamba, yaani kukataza uvuvi hapo, kwa miezi michache, kama walivyofanya wavuvi wa Kisiwa Panza huko kusini mwa Pemba, huweza kuleta pweza wakubwa zaidi siku ya kufungua. Anayemhesabu pweza peke yake ataridhika na hapo. Sayansi ya mifumo changamano hairidhiki, kwa kuwa inautazama mwamba, soko, bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na jiko la mvuvi kuwa vitu vinavyojibizana.

Na hujibizana kweli. Habari za pweza wakubwa zikienea, siku ya kufungua huvuta hata wasiosubiri, na faida ya miezi mitatu inaweza kuisha ndani ya bamvua moja. Mwamba ukifungwa, mzamiaji mwenye chombo huhamia mwamba mwingine. Mwanamke anayekwenda kwa miguu maji yakitoka, kijiti mkononi, hana pa kuhamia, ingawa hakuna aliyekusudia kumwonea.

Watetezi wa sayansi hii hushauri kutawala kwa kujifunza: kujaribu kidogo, kupima, kisha kurekebisha. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wa rasilimali wanaweza kujiwekea kanuni na kuzisimamia wenyewe, na kamati za wavuvi za shehia, yaani ngazi ya chini ya utawala Zanzibar, zinaweza kuwa mahali pa kufanyia hivyo.

Hoja ya upande wa pili ni nzito. Kanuni inayobadilika kila mara huishia mikononi mwa wahudhuriaji wa vikao, ambao mara nyingi si wenye vijiti. Tena kauli kwamba mambo haya ni changamano humfaa sana kiongozi asiyependa kuulizwa kwa nini doria haikutoka.

Mimi ningetenganisha kinachorudi na kisichorudi upesi. Pweza hurudi ndani ya mwaka, basi kwake tujaribu na tukosee. Matumbawe yaliyovunjwa kwa baruti au juya (wavu mkubwa) la kukokota huchukua miongo kurudi, na hapo katazo lisilobadilika linafaa kuliko jaribio lolote. Hata kwa pweza, kabla ya kufunga iandikwe nani atapima na nani ataingia kwanza, na bamvua la kwanza la kufungua liachiwe wanaokwenda kwa miguu.